Kinanda Kinachokuonyesha Pa Kubonyeza

Nianze na msimamo wenyewe, ili mwenye haraka ya kuwahi foleni ya kafeteria asiondoke mikono mitupu. Vinanda vya umeme vyenye vibonyezo vinavyowaka taa, vile vinavyokuonyesha kidole kiende wapi, vinafundisha utii zaidi kuliko vinavyofundisha muziki. Na sisi tunaosomea ualimu tulipaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo, maana ndio tunaojaza vitabu vya mtihani kwa hoja kwamba mwanafunzi si debe la kumiminiwa. Paulo Freire tunamdesa kila muhula. Taa zenyewe sina ugomvi nazo. Swali langu ni moja tu: kati ya taa na mpigaji, nani anamfuata mwenzake?

Kwa ambaye hajawahi kukiona, kinanda hicho kiko hivi. Ndani yake zimehifadhiwa nyimbo, siyo kama sauti iliyorekodiwa bali kama orodha: noti gani, ianze lini, idumu muda gani. Chini ya kila kibonyezo kuna kitaa kidogo cha LED. Ukichagua wimbo, noti ikifika zamu yake kitaa kinawaka, nawe unabonyeza hapo hapo. Vingine vina utaratibu wa kusubiri: muziki unasimama kabisa mpaka ubonyeze pale panapowaka. Casio walianza kuviuza miaka ya 1990, na leo vimefika mpaka kwenye vigango ambavyo Padri huenda mara moja kwa mwezi. Juu ya hizo taa kuna biti. Unaingiza namba, inakuja rumba, rege au valsi. Mkono wa kushoto ukishika kodi moja, kinanda chenyewe kinajaza besi, ngoma na gitaa. Mtu mmoja, bendi nzima. Ukiunganisha na zile spika zenye taa za rangi zinazokimbizana kwa kufuata mdundo, umeshapata disko. (Disko ninalolisema hapa ni la taa na muziki. Lile jingine, linalobandikwa ubaoni baada ya matokeo, tuliache lilipo.)

Sasa twende Litumbandyosi. Ni kata ya wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, si mbali na machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka. Hapa chuoni ukisema Mbinga watu wanawaza kahawa na ngolo, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo yanayopangwa kwenye miteremko kama sega la nyuki. Hayo ni mambo ya milimani. Kwetu ni miombo na vumbi, na Jumapili ni kwaya.

Kwaya mojawapo ya huko, ambayo siitaji jina kwa kuwa shangazi yangu anaimba sauti ya pili, ilichangishana misimu miwili ya mahindi ili kununua kinanda cha namna hiyo pamoja na spika yake. Kilipofika, watoto walijaa kanisani kuliko siku ya Krismasi. Kabla ya hapo kwaya ilijifunza nyimbo kama kwaya nyingi za Kikatoliki nchini zinavyojifunza: mwalimu wa kwaya anakuja na karatasi ya nota, anaandika ubaoni do re mi kwa herufi, kila sauti inafundishwa peke yake, soprano, alto, tena, besi, halafu zinaunganishwa. Ni kazi ya wiki kadhaa. Wapo akina mama ambao hawajawahi kuona piano lakini ukiwapa d wanakupa s bila kusita. Hilo ni sikio lililosomeshwa kwelikweli, na lilisomeshwa bila hata waya mmoja wa umeme.

Kijana aliyekabidhiwa kinanda ni mdogo wangu kwa umri na ni mchapakazi. Kwa msaada wa vitaa alishika nyimbo kumi hivi zilizomo ndani ya mashine, nyimbo za Ulaya ambazo hakuna mtu Litumbandyosi anayeziimba. Zile za kwaya yake hazimo. Kwa hiyo ibada ikianza, vitaa vinazimika, na yeye anabaki na kitu kimoja anachokimudu: kodi tatu na biti. Baada ya muda kwaya ikaanza kuchagua nyimbo zinazokubaliana na ile biti. Zile zenye kupumua katikati, zinazopungua mwendo zikifika ubeti wa mwisho, zikawekwa kando. Mzee wa ngoma akahamishiwa kwenye kayamba, kisha kwenye benchi.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na naomba nisieleweke kuwa ninalilia mambo ya kale. Mpiga ngoma akiona watu wamechangamka huongeza kasi. Akiona maandamano ya vipaji yana mama mzee anayetembea kwa mkongojo, hupunguza. Biti haioni watu. Ina namba, tuseme 120 kwa dakika, na itabaki 120 hata kanisa likiungua. Zaidi ya hapo, kwenye mkesha wa msiba mmoja niliona zile taa za spika zikizunguka zambarau na kijani juu ya kuta, juu ya nyuso za wafiwa, juu ya kitambaa cheupe cha jeneza, kwa sababu hakuna aliyejua kitufe cha kuzizima kiko wapi. Mpigaji alikuwa analia. Taa hazikujua.

Wenzangu niliowasomea rasimu hii bwenini walinipinga, na hoja yao ina uzito. Walisema: mtoto anayejifunza baiskeli si anashikiliwa kwanza? Vitaa si vinampa ujasiri wa kuanza? Kweli, vinampa. Nimeona mtu ambaye hajawahi kugusa kinanda akipiga wimbo mzima siku ya kwanza na kucheka kwa furaha, na furaha hiyo si ya kubezwa. Lakini anayemshikilia mtoto kwenye baiskeli huachia kiti kidogo kidogo, tena kwa siri, mpaka mtoto anageuka na kukuta yuko peke yake. Kitaa hakiachii. Siku ya mia kinawaka vilevile kama siku ya kwanza. Tena kipo kitufe cha kukizima, na mwalimu mzuri angekizima wiki ya pili. Ila hivi vinanda huuzwa kwa ahadi kwamba mwalimu hahitajiki.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba ukanda wetu una historia tofauti kabisa ya kupokea vyombo vya wageni. Ukishuka kutoka Mbinga kwenda mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, utakutana na mganda. Wanaume wanajipanga mistari, kaptula nyeupe, soksi ndefu, wanakwenda kwa hatua za gwaride. Asili yake ni bendi za kijeshi za wakoloni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi walirudi makwao wakiwa wamesikia matarumbeta, na ngoma za mtindo wa beni zikasambaa kutoka pwani hadi bara. Sasa, tarumbeta la shaba unalipata wapi kijijini? Watu wa ziwani walichukua vibuyu. Wakavikata, wakavitoboa, wakaziba tundu kwa utando mwembamba wa buibui. Ukiimbia ndani yake, utando unatetema na sauti yako inatoka ikiwa na mkwaruzo kama wa shaba. Vibuyu vikubwa vinatoa sauti nzito, vidogo nyembamba, na ukivipanga unapata bendi nzima, huku ngoma kubwa ikishikilia mwendo katikati.

Fikiria walichofanya. Hawakununua chombo cha mgeni na kufuata maelekezo yake. Walijiuliza kile chombo kinafanyaje kazi, wakakuta siri iko kwenye mtetemo, wakautengeneza upya kwa vitu vya shambani. Hiyo ni fizikia ya mawimbi, na ilifanywa na watu ambao hakuna aliyewapa cheti. Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi, aliyeongoza Tanzania One Theatre na ambaye nyimbo zake za maombolezo ya Mwalimu mwaka 1999 wazazi wetu wanazikumbuka mpaka leo, alitoka kwenye mwambao huo huo. Vinanda vya umeme vilikuwepo kwenye muziki wake, wala sijawahi kusikia mtu akisema vilimpokonya sauti. Kwa hiyo siyo umeme unaoharibu.

Na wala siyo mwanga. Wazo la kuunganisha mwanga na sauti ni la zamani kuliko umeme wa majumbani. Mwaka 1725 Mjesuti wa Kifaransa aitwaye Louis-Bertrand Castel alitangaza wazo la kinanda ambacho kila noti ingefunua rangi yake. Mrusi Alexander Scriabin aliandika sehemu ya kinanda cha mwanga ndani ya kazi yake ya orkestra, Prometheus. Ilipopigwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1911 taa hazikuwepo, zikaja kuonekana New York mwaka 1915. Miaka ya themanini ilipoanza, Mfaransa Jean-Michel Jarre alikwenda China na kinubi cha leza: nyuzi ni miale, ukiukata mwale kwa mkono noti inalia. Picha zake ni za kuvutia, ingawa kwangu mimi hiyo ni maonyesho zaidi kuliko chombo. Mwale unafanya kazi ya swichi tu.

Anayenikosesha usingizi ni mtu mwingine, mhandisi wa Kisovyeti aliyeitwa Yevgeny Murzin. Kwa miaka mingi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa anatengeneza mashine aliyoiita ANS, herufi za kwanza za majina ya Scriabin. Mashine ile haina kinanda cha kawaida cha kubonyeza. Ina kioo kikubwa kilichopakwa lami nyeusi isiyokauka. Mtunzi anachukua kitu chenye ncha na kukwaruza lami: mstari, nukta, wingu la michirizi, chochote. Nyuma ya kioo kuna diski zinazozunguka, zilizochorwa mistari ya mawimbi, na mwanga unaopita humo unabeba toni safi 720. Palipokwaruzwa mwanga unapenya, unafika kwenye kihisi, unageuka umeme, umeme unakuwa sauti. Unachora muziki kwa mkono na kuusikia hapo hapo. Ukikosea, unapaka lami tena. Eduard Artemyev aliitumia kwa muziki wa filamu ya Solaris ya mwaka 1972, na ukiisikiliza usiku ukiwa na hedifoni utadhani dunia imepoteza sakafu.

Tofauti ya Murzin na kile kinanda cha kwaya ndiyo hoja yangu nzima. Kwenye kinanda cha kwaya mwanga unatoka kwenye mashine kwenda kwa mtu, ukiwa ni amri. Kwa Murzin mkono wa mtu ndio unaoamua mwanga upite wapi, na mashine inajibu.

Mtu atasema hayo ni ya Moscow, sisi tuko Mbinga. Haya, nimpeleke kwenye gari la sinema. Wazee wengi vijijini wanalikumbuka: linakuja jioni, shuka jeupe linafungwa, jenereta linanguruma, watu wanakaa chini kuangalia filamu za afya na kilimo. Wengi hawakuambiwa kwamba sauti waliyoisikia ilikuwa mwanga. Kwenye filamu ya sauti ya enzi hizo, pembeni ya picha kulikuwa na mstari mwembamba wenye mawimbi meusi na meupe. Taa ndogo ndani ya projekta ililenga mstari huo, mwanga ukapita ukipungua na kuongezeka mara maelfu kwa sekunde, kihisi upande wa pili kikageuza mabadiliko hayo kuwa umeme, na spika ikasema. Teknolojia ya mwanga na sauti ilishafika kwetu zamani, ikapakiwa ikaondoka, na hakuna aliyemwita mtoto karibu na projekta akamwonyesha ule mstari.

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya sekondari ya ukanda wetu, Fizikia na Hisabati. Nilibeba kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye orodha ya chuo: chombo cha muziki kinachopigwa kwa mwanga. Nieleze kilivyo, kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kukitengeneza. Kiini chake ni chipu iitwayo 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na ambayo mpaka leo fundi wa redio yeyote anaifahamu. Kazi yake, ukiiunganisha kwa namna hii, ni kuwasha na kuzima umeme kwa kurudiarudia. Kasi ya kurudia inategemea kapasita na rezista. Ukiweka rezista ya kawaida, unapata mlio mmoja, kero tupu. Lakini badala yake unaweka rezista ya mwanga, LDR, ile inayokaa kwenye taa za nje zinazojiwasha zenyewe giza likiingia. LDR ikipata mwanga mwingi ukinzani wake unashuka, ikiwa kivulini unapanda. Ongeza spika ya omu 8 kutoka kwenye redio mbovu, kapasita mbili, betri ya volti 9. Basi.

Hesabu yake ni ya kidato cha tatu. Kapasita ya mikrofaradi 0.1, rezista ya kwanza omu 1,000, na LDR kwenye nafasi ya pili. LDR ikiwa na omu 10,000, mlio ni karibu Hz 690, juu kidogo ya sauti ya mtoto anayeita mwenzake. Ukiifunika mpaka ifike omu 100,000, mlio unashuka hadi karibu Hz 72, unaingia kwenye besi ya mzee. Mkono wako unasafiri kati ya hizo mbili bila kugusa kitu.

Darasa lilikuwa la wanafunzi zaidi ya 60, kipindi cha saa tano asubuhi, jua linaingia kwa dirisha la kushoto. Niliweka ubao wenye saketi kwenye meza iliyopata jua nikanyamaza. Kilikuwa kinapiga kelele nyembamba kama mbu mwenye hasira. Kijana wa mbele akanyoosha mkono kukizuia, sauti ikaanguka. Akaurudisha mkono kana kwamba ameungua. Akajaribu tena. Ndani ya dakika tano walikuwa wanagombania foleni. Mmoja alitumia jani la mwembe, akagundua kuwa jani moja linapunguza sauti kidogo na mawili yanapunguza zaidi. Mwingine alitumia chanuo: akilipitisha haraka, meno yake yanakata mwanga na sauti inatetema. Msichana mmoja, ambaye baadaye nilijua anacheza kioda kwao ziwani, hakutumia mikono hata kidogo. Alisimama kati ya dirisha na meza akawa anayumba, na kivuli cha mwili wake kikapiga.

Halafu wingu likapita. Sauti ikashuka taratibu yenyewe, hakuna aliyekuwa ameigusa, na darasa zima, watu sitini na zaidi, likageuza vichwa kuangalia dirishani. Wingu lilipotoka sauti ikapanda. Sikuwa nimefundisha neno lolote mpaka hapo. Kijana wa nyuma, asiyewahi kunyoosha mkono tangu nifike, akasema kwa Kiswahili safi kwamba mwanga ukipungua kile kitu kinabana umeme, ukibanwa unachelewa, ukichelewa sauti inakuwa nzito. Hiyo ndiyo sheria nzima. Wakati huo huo kwenye daftari lake alikuwa amenakili ufafanuzi wa Kiingereza wa mistari minne ambao asingeweza kukwambia maana yake.

Mwalimu wa darasa la jirani alituma mjumbe kuuliza kama tunafuga nyuki.

Kipindi cha pili nilifanya rahisi zaidi. Nilichukua kipaneli cha sola kutoka kwenye taa ya sola iliyokufa betri, nikaunganisha waya zake mbili kwenye tundu la AUX la sabufa ya mwalimu mmoja, sauti ikiwa chini kwanza. Kipaneli cha sola kinageuza mwanga kuwa umeme, hilo wanalijua, nusu yao wana sola nyumbani. Ila hawakujua kwamba mwanga ukitetema, umeme nao unatetema, na sabufa inausema. Nikalielekeza kwenye taa ya tyubu: mlio mzito wa Hz 100, kwa kuwa umeme wa gridi yetu ni wa Hz 50 na taa inafifia mara mbili katika kila mzunguko. Nikachukua rimoti ya televisheni, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, nikabonyeza. Krrr, krrr. Wakacheka wote. Kila kitufe kina lafudhi yake kidogo. Alexander Graham Bell alituma sauti ya mtu juu ya mwanga wa jua mwaka 1880, na sisi tulikuwa tunafanya kitu cha ukoo huo kwenye shule yenye maabara ambayo ufunguo wake huwa na mkuu wa idara.

Kiukweli LDR na kipaneli vinatofautiana, na ni vizuri mwalimu ajue. LDR ni mvivu, haiwezi kufuata mwanga unaotetema kwa kasi, kwa hiyo inafaa kwa mikono na mawingu. Kipaneli kina haraka lakini hakina mlio wake chenyewe. Kinahitaji mwanga unaotetema na kikuza sauti. Ukiviweka pamoja una bendi.

Sasa kwa nini nalipeleka hili kwenye jarida la serikali ya wanafunzi na siyo kwa mhadhiri wangu? Kwa sababu mtaala umebadilika na sisi ndio tutakaoutekeleza. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, umefungua mkondo wa amali na kuipa sanaa, muziki ukiwemo, nafasi ambayo kaka na dada zetu hawakuipata. Shule zitaanza kuuliza: muziki tutaufundishaje bila vyombo? Na jibu la haraka, jibu la dukani, litakuwa kinanda chenye taa. Kinaonekana cha kisasa. Kinapendeza mbele ya mgeni rasmi. Hakihitaji mwalimu anayejua muziki, kwa hiyo kinatatua tatizo la ikama kwenye karatasi. Naona kabisa bajeti ya shule ikiisha kwenye vinanda viwili vinavyofungiwa kabatini, vikitolewa siku ya mahafali vipige wimbo namba 14.

Rafiki yangu mmoja wa Uchumi alinibana kwa swali la madawati. Shule haina madawati, wewe unaleta saketi inayolia kama mbu? Nilimjibu kwamba dawati na kinanda cha taa vinagombania fedha moja; saketi haigombanii na mtu. Vitu vyake vingi viko jalalani kwa fundi redio. Na pia swali hilo huulizwa kwa watoto wa Litumbandyosi tu. Hakuna anayeuliza shule za ada kubwa mjini kwa nini wana chumba cha muziki.

Shangazi yangu ana pingamizi bora kuliko lake. Nilipomweleza yote haya kwa simu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: mwanangu, kile kinanda tumekinunua kwa jasho, na watoto wanakuja kanisani kwa ajili ya zile taa. Usituambie tukitupe. Sikuwa na jibu la kumshinda, na wala sikulitafuta. Kisitupwe. Kizimwe vitaa, kizimwe biti, kijana afundishwe do iko wapi kwa sikio, na akina mama wale wa alto ndio wamfundishe, maana wanajua kuliko mashine. Mzee wa ngoma arudi kwenye ngoma, kinanda kimfuate yeye. Kwenye nyimbo za sherehe taa za spika ziwake tu, nani kakataa kufurahi? Msibani, nimeshamwonyesha shangazi kitufe.

Ninachoomba hapa chuoni ni kidogo. Kabla hatujasambazwa mikoani kwa mazoezi ya kufundisha, Idara itupe nusu siku kwenye maabara ya elektroniki, na serikali ya wanafunzi ichangie risasi ya kulehemu na chipu, ili kila anayekwenda kufundisha Fizikia aondoke na chombo kimoja cha mwanga alichokitengeneza mwenyewe. Tunachangia fedha nyingi zaidi kukodi taa za usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza, na asubuhi hakuna anayekumbuka zilikuwa rangi gani. Wenzetu wa Sanaa nao waje. Sisi wa sayansi tunajua saketi, wao wanajua wimbo, na mpaka sasa tunaonana kwenye foleni ya bumu tu.

Saketi yangu ipo, imechakaa kidogo kona moja kwa sababu ya lile jani la mwembe. Anayepangiwa Ruvuma muhula huu aje aichukue bwenini. Jua la saa sita likiwa kali LDR inazidiwa na mlio unapanda mpaka unaumiza masikio, kwa hiyo mwongezee rezista ya omu 4,700 kwa mfululizo, au afundishe kipindi cha asubuhi. Betri ya volti 9 atajinunulia.